Kusomea Vitambaa na Soko Lake: Mwongozo kwa Kijana wa Mtwara na Lindi

Mwongozo huu nauandika kwa kijana wa Mtwara au Lindi aliyemaliza kidato cha nne au cha sita, anayependa vitambaa, na ambaye kila akilitaja jambo hilo nyumbani anaambiwa cherehani ni ya walioshindwa shule. Nauandika pia kwa mzazi anayesema hivyo, maana mara nyingi ndiye mwenye ada mkononi.

Doti ya kanga iliyokunjwa dukani imepita kwa watu wengi kabla ya kufika pale. Yuko aliyeamua itumike pamba ya aina gani na uzi wa unene gani. Yuko aliyepanga nyuzi ngapi ziingie katika kila inchi, aliyechora pindo na mji (ule mchoro wa katikati), aliyechagua rangi isiyochuja, aliyepima kama kitambaa kitasinyaa, aliyekokotoa bei ya jumla, na aliyejua kwamba mzigo ufike Masasi mwezi wa kumi na si wa tatu. Hizo zote ni kazi zinazosomewa, na watu wanalipwa kwa kuzifanya.

Marekani, chuo cha FIT cha New York kilichoanzishwa mwaka 1944 kina shahada inayounganisha utengenezaji wa vitambaa na masoko yake katika programu moja. Kwetu masomo hayo yametawanyika: ufundi unafundishwa huku, biashara kule. Ndiyo maana rai yangu ni hii tangu mwanzo: usikubali kusoma upande mmoja tu. Fundi asiyejua soko hushona mpaka usiku wa manane akabaki na madeni. Ofisa masoko asiyejua kitambaa hununua majora ya poliesta akiamini ni pamba. Hatua zinazofuata zimepangwa ili upate vyote viwili, hata kama itabidi uviunganishe mwenyewe.

Hatua ya kwanza: jua unachokwenda kusomea

Masomo huanza kwenye nyuzi. Pamba, kitani, sufu, hariri na mkonge ni za asili. Poliesta na nailoni hutokana na mafuta ya petroli. Viskosi, ambayo wengi tunaivaa kwenye madera bila kuijua jina, hutengenezwa kwa rojo la miti lililopikwa kwa kemikali.

Huku kusini pamba ina historia ndefu, tena nzito. Kilwa Kisiwani wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vya duara vyenye tundu katikati, vizito vya kusokotea uzi. Kumbe mji ule haukuwa wa kununua nguo za ng'ambo tu, ulisokota pia. Na katika Milima ya Matumbi, Julai 1905, watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba katika shamba walilolimishwa kwa nguvu na utawala wa Wajerumani, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Mwanafunzi wa vitambaa aijue habari hii kwa sababu inabeba swali ambalo masomo ya masoko yatamrudishia kila muhula: katika bei ya nguo, mkulima anabaki na nini? Leo sehemu kubwa ya pamba yetu inalimwa Kanda ya Ziwa, Simiyu na Shinyanga zikiwa mbele, na sehemu kubwa ya pamba nyuzi, yaani iliyokwisha kutolewa mbegu, huuzwa nje kabla haijasokotwa. Kila hatua inayofanyika nje ya nchi ni ajira ambayo kijana wa hapa hakuipata.

Baada ya nyuzi kuna kusokota, kisha kufuma. Nyuzi zinazokwenda na urefu wa jora huitwa mtande, zinazokatiza huitwa mshindio. Kanga imefumwa kwa mpango rahisi kuliko yote, uzi mmoja juu, mmoja chini. Jinzi imefumwa kwa mshazari, na ukiisogeza karibu na jicho unaiona mistari iliyolala upande. Fulana haina mtande wala mshindio: uzi wake hupinda vitanzi vinavyoshikana, kwa hiyo huvutika. Mama zetu wanaosuka mikeka ya ukindu wanayajua mengi ya haya kwa vidole. Anayesuka ukili wenye nakshi tayari anajua kwamba mchoro hutoka kwenye hesabu ya miaa, na mwalimu wa ufumaji atamfundisha jambo lile lile kwa karatasi ya miraba. Ukiwa na bibi anayesuka, kaa naye kabla hujaenda chuo.

Halafu yanafuata kupaka rangi, kuchapa michoro na kupima ubora. Upande wa pili ni wa soko: kumjua mteja, kukokotoa gharama, kununua malighafi, kusafirisha, kupanga bei na kuuza nje.

Hatua ya pili: fungua daftari la vitambaa ukiwa bado nyumbani

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na haina ada. Nunua kaunta buku. Nenda kwa fundi cherehani wa mtaani, mwamkie, mwombe mabaki anayotupa. Kila ukurasa ubandike kipande kimoja, na pembeni uandike majibu ya vipimo vifuatavyo.

Anza na moto. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibano, zisogeze kwenye mshumaa. Fanyia nje, mbali na makuti, na bakuli la maji liwe karibu. Pamba huwaka upesi, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha majivu laini ya kijivu. Poliesta hunywea kabla moto haujaigusa, huyeyuka kwa moshi mweusi, na hubaki kitone kigumu kisichopondeka kwa vidole. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua. Ukiona majivu na kitone kwa pamoja, huo ni mchanganyiko. Viskosi huungua karibu sawa na pamba, kwa hiyo moto pekee hautoshi kuvitofautisha. Hapo tumia maji: lowesha uzi katikati uuvute. Viskosi hudhoofika ikilowa na itakatika pale pale penye unyevu, wakati pamba huongezeka nguvu ikilowa.

Ukishavijaribu vipande vya kutosha utaanza kushtuka kuona ni vitambaa vingapi vinauzwa kwa jina la kotoni na pamba haimo, au imo kidogo. Kwa joto la Mtwara ya Februari hilo si jambo dogo. Mteja anayetoka jasho ndani ya poliesta huilaumu nguo nzima na fundi wake, asijue kosa liko kwenye nyuzi.

Kipimo cha pili ni uzito. Viwanda hutaja uzito wa kitambaa kwa gramu katika mita mraba, na wafanyabiashara huita GSM. Kata mraba wa sentimita 10 kwa 10, upeleke kwa sonara akupimie kwenye mizani yake, kisha zidisha mara 100. Kipande chenye gramu 1.1 ni kitambaa cha gramu 110 kwa mita mraba. Ukilinganisha kanga mbili za bei tofauti kwa namna hii, mara nyingi utaiona sababu ya bei bila kuambiwa na mtu.

Kipimo cha tatu ni kusinyaa. Chora mraba wa sentimita 50 kwa kalamu isiyofutika, fua, anika, pasi, kisha pima tena upande wa mtande na upande wa mshindio. Ikiwa sentimita 50 zimekuwa 47.5, kitambaa kimesinyaa asilimia 5, na suruali iliyokatwa bila kulizingatia hilo itamwacha mvaaji vifundo nje.

Cha nne ni rangi. Sugua kitambaa mara 10 kwa kipande cheupe kikavu cha pamba, kisha mara 10 kwa kipande kilicholowa. Linganisha madoa. Maabara hufanya kitu hicho hicho kwa mashine na kutoa alama kuanzia 1 hadi 5, na 5 ndiyo bora. Rangi nyekundu iliyokoza na nyeusi zichunguze mara mbili.

Ukifika kwenye usaili wa chuo au wa mafunzo kwa vitendo na daftari lenye kurasa 30 za namna hii, hutahitaji maneno mengi kueleza kwamba unaipenda fani.

Hatua ya tatu: daftari la pili, la soko

Mtu wa Mtwara au Lindi anayesomea masoko ya nguo ana bahati ambayo wenzake wa miji mikubwa hawana: hapa mahitaji yanaonekana kwa macho, kwa sababu fedha huingia kwa misimu. Minada ya korosho hufunguliwa kuanzia Oktoba kupitia vyama vikuu vya ushirika vya wakulima kama TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao, na malipo ya wakulima hufuata. Ufuta huleta fedha zake katikati ya mwaka, hasa Lindi. Juu ya hayo kuna Idi, kuna harusi, na kuna likizo za shule ambazo ndizo wakati wa jando na unyago. Siku mwali anapotoka, mama, mashangazi na majirani huvaa sare, na sare hiyo ni doti nyingi za mchoro mmoja zinazotakiwa siku moja. Mfanyabiashara aliyeishiwa mchoro huo wiki ya sherehe amepoteza familia nzima.

Kwa hiyo chagua maduka mawili au matatu na gulio moja, uyafuatilie mwaka mzima. Andika bei ya rejareja na ya jumla ya doti ya kanga, kitenge, dera na shuka, pamoja na rangi zinazotoka. Muuzaji wa makamo usimwendee na kalamu mkononi kama ofisa wa kodi. Mpe shikamoo, nunua hata mita moja ya bitana, kisha muulize maswali matatu: kipi kimeisha kwanza, kipi kimelala rafuni, na wateja wanalalamikia nini. La tatu ndilo lenye utajiri. Malalamiko ya kuchuja, ya upana usiomtosha mtu mnene, ya jina la kanga linalosomeka vibaya, kila moja ni bidhaa ambayo bado hakuna aliyeitengeneza vizuri.

Angalia pia tofauti ya kanga na kitenge kwa jicho la mtengenezaji. Kanga ni mchoro uliokamilika: pindo pande zote nne, mji katikati, jina (yale maneno yaliyoandikwa) chini, na vipimo vyake ni takriban mita moja na nusu kwa zaidi kidogo ya mita moja. Huwezi kuikata popote. Kitenge mchoro wake hujirudia kila baada ya sentimita kadhaa, ndiyo maana fundi hukata atakapo. Lakini mchoro unaojirudia kwa umbali mkubwa, yale maua makubwa yanayopendeza dukani, humlazimu fundi kutupa kitambaa ili maua ya mbele na nyuma yalingane. Muulize fundi wako kitenge kipi kinamla mita nyingi. Atakuonyesha, na utakuwa umepata somo la ubunifu na la gharama kwa wakati mmoja.

Usisahau ng'ambo ya Ruvuma. Wamakonde wako pande zote mbili za mto, na kina mama wa Msumbiji huvaa kapulana, ambayo ni ndugu wa kitenge chetu. Kuna kivuko cha Kilambo, na kuna Daraja la Umoja kule Mtambaswala, Nanyumbu. Kijana anayejua vitambaa, anayejua taratibu za forodha, na akaongeza Kireno cha sokoni, atakuwa na soko ambalo wa Kariakoo hulifikia kwa shida.

Hatua ya nne: chagua njia ya chuo

Kuna njia tatu ninazoziona zinafaa. Nitaeleza zaidi ile ya kwanza kwa sababu ndiyo ambayo wengi wa huku wanaimudu.

Njia ya kwanza ni kuunganisha vyuo vya hapa hapa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina vituo Mtwara na Lindi, na miongoni mwa fani za VETA ni ubunifu, ushonaji na teknolojia ya nguo, inayosomwa kwa ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Pale utajifunza kupima, kuchora kiolezo, kukata, kutumia mashine za aina mbalimbali na kumaliza nguo kwa usafi. Ukiwa na cheti cha VETA, hamia upande wa biashara: Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA, ina kampasi Mtwara na inafundisha masomo ya biashara kuanzia cheti. Cheti cha awali kwa kawaida hudai ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne, yasiyo ya dini. Mpango huu unachukua miaka kadhaa, ila faida yake ni kwamba unasoma ukiwa karibu na soko lako na unaweza kushona wakati wa jioni kujilipia sehemu ya mahitaji. Kabla hujalipa chochote, nenda kituoni ana kwa ana, uliza fani hiyo inapokea wanafunzi mwaka huu au la, na omba kuiona karakana. Cherehani zinazofanya kazi ni ngapi? Kila mwanafunzi anakaa kwenye mashine kwa saa ngapi kwa wiki? Chuo kizuri hakikwepi maswali hayo.

Wapo watakaokushauri uanze na biashara kisha ufundi. Mimi nashauri kinyume. Aliyeanza na mikono akifika kwenye darasa la gharama anajua kila mstari wa hesabu unamaanisha nini.

Njia ya pili ni shahada. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha uhandisi wa nguo, na ubunifu na teknolojia ya nguo, katika ndaki yake ya uhandisi na teknolojia. Huko utakutana na kemia ya rangi, fizikia ya nyuzi na mitambo yenyewe. Sifa za kujiunga zinachapishwa katika mwongozo wa udahili wa kila mwaka wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na maombi unayatuma moja kwa moja chuoni. Hapa nina ombi kwa walio kidato cha pili na cha tatu: msiitupe kemia na hisabati. Wasichana wengi wenye mkono mzuri wa ubunifu hufungiwa mlango huu kwa sababu tu kuna mtu aliwaambia sayansi si yao. Kupaka rangi ni kemia tupu. Rangi inayoungana na pamba kwa msaada wa magadi haiwezi kuishika poliesta, na sababu iko kwenye molekuli.

Njia ya tatu ni nchi za jirani na za mbali. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, Kenya, kinafundisha uhandisi wa nguo. Uganda kuna Busitema na Kyambogo. Ethiopia kuna Bahir Dar. Chuo Kikuu cha Donghua, Shanghai, kina jina kubwa katika fani hii, na serikali ya China hutoa ufadhili kwa wanafunzi wa Afrika. Njia hii inafaa zaidi kwa shahada ya pili, ukiwa umeshakomaa na unajua unakwenda kutafuta nini.

Hatua ya tano: nyaraka na ada

Hapa nitakuwa mfupi kwa kuwa mambo yenyewe ni ya kufuatilia tu. Hakikisha jina lako limeandikwa sawa kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya mitihani na kitambulisho cha NIDA. Herufi moja ikitofautiana, anza kuirekebisha mapema. Anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, lazima cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na aliyefiwa na mzazi ahakiki pia cheti cha kifo. Kazi hiyo ifanye kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, maana likishafunguliwa nchi nzima inaelekea huko. Kwa chuo cha kati, hakiki NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivyo, kwamba chuo kimesajiliwa na kozi unayoitaka imeidhinishwa. Mkulima wa korosho anayemsomesha mtoto azungumze na chuo kuhusu kulipa kwa awamu, ili awamu kubwa iangukie baada ya minada.

Hatua ya sita: ukiwa chuoni, tafuta kiwanda

Mafunzo kwa vitendo ndiyo yatakayoamua thamani ya cheti chako. Usikubali kupangiwa duka la jirani ukabaki kufagia na kukunja vitambaa. Andika barua mapema kwa viwanda vya Dar es Salaam, Morogoro na Arusha. Morogoro kuna 21st Century Textiles, Arusha kuna Sunflag na A to Z, Dar es Salaam kuna viwanda vya vitambaa na vya nguo za kuuza nje. Anza kuweka akiba ya nauli na malazi muhula mmoja kabla.

Ukiingia kiwandani, fuata kitambaa kimoja kuanzia uzi hadi kifungashio. Utaona kitambaa kibichi kikitoka kwenye mitambo ya kufumia kikiwa na wanga uliopakwa mtande usikatike, kisha kikichomwa vinyoya vya juu, kikaoshwa wanga, kikachemshwa kuondoa nta na uchafu, kikapaushwa, ndipo kikafika kwenye rangi. Kila hatua inakula maji, nishati na saa za watu, na zote zinaingia kwenye bei.

Simama sana kwenye idara ya uchapaji. Kila rangi ya mchoro ina silinda yake yenye matundu, na silinda hizo hutengenezwa kwa ajili ya mchoro huo peke yake. Mchoro wa rangi nane unahitaji silinda nane. Gharama hiyo hulipwa hata ukichapa mita chache, kwa hiyo viwanda hukataa oda ndogo. Hapo ndipo utaelewa kwa nini mbunifu anayeweza kufanya kanga ipendeze kwa rangi tatu ana thamani kuliko anayehitaji saba. Jizoeze hilo kwenye kompyuta: Inkscape na GIMP ni programu za bure zinazotosha kuanza kuchora mchoro na kutenganisha rangi zake.

Tahadhari moja. Batiki za nyumbani nyingi hupakwa kwa rangi zinazohitaji kemikali za kostiki soda na haidrosi. Kostiki hubabua ngozi na inaweza kupofusha jicho. Mimina kostiki ndani ya maji taratibu, kamwe usimimine maji juu ya kostiki. Vaa glavu ndefu, funika macho, fanyia penye upepo, watoto wasiwepo. Vyombo vya rangi visirudi jikoni. Na maji machafu yasimwagwe karibu na kisima wala kuelekea baharini.

Hatua ya saba: hesabu ya bei

Hesabu ndiyo inayowaangusha wenye vipaji, nami sitaki wewe uwe mmoja wao. Chukua mfano wa batiki moja, tarakimu zikiwa za kujifunzia tu. Kitambaa cheupe shilingi 12,000. Rangi na kemikali 3,500. Nta na mkaa 1,500. Kazi yako mwenyewe 4,000. Usafiri na mfuko 1,000. Jumla 22,000. Wengi hufika hapo, wakauza 25,000, wakahesabu faida ya 3,000.

Sasa ingiza ukweli kwamba katika kila batiki kumi, moja huharibika: nta imepasuka vibaya au rangi imekolea upande mmoja. Umetumia 220,000 na una batiki tisa za kuuza. Gawanya: kila moja imekugharimu karibu 24,450. Faida ya 3,000 imebaki 550, na hapo hujalipia jiko wala kodi ya chumba. Ukiuza 32,000, unabakiwa na kama 7,550, yaani karibu asilimia 24 ya bei ya kuuzia. Kisha jiulize kama mwenye duka la Mtwara mjini anaweza kuichukua kwa 32,000, akaongeza chake, na mteja bado akainunua. Daftari lako la soko ndilo litakalojibu. Kama jibu ni hapana, una njia tatu: punguza uharibifu, nunua kitambaa cheupe kwa jora badala ya mita, au badili mteja. Kukata kwenye malipo ya kazi yako kusiwe njia ya nne.

Kazi yako iandike kila mara, hata kama anayekusaidia ni mdogo wako. Biashara isiyomlipa mtu yeyote huonekana ina faida mpaka siku unapolazimika kuajiri.

Hatua ya nane: kuirasimisha

Ukianza kuuza kwa jina lako, sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na uchukue TIN, namba ya mlipakodi, kutoka TRA. Bidhaa ikianza kuwa ya kudumu, pita ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, Mtwara au Lindi. Shirika hilo lipo tangu 1973, na mjasiriamali mdogo hupata huko ushauri, mafunzo na barua ya utambulisho ya kumpeleka TBS, shirika la viwango. Michoro yako ya asili iwekee tarehe na uulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki, namna ya kuilinda kabla hujaipeleka kwa mchapaji. Mtaji mdogo unaweza kupatikana katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa kawaida hutolewa kwa vikundi, kwa hiyo tafuta wenzako wa darasa moja mapema, mjuane tabia kabla ya kushika fedha pamoja.

Hatua ya tisa: unachobeba kwenye usaili wa kazi

Usibebe vyeti peke yake. Beba kaunta buku la vitambaa. Beba daftari la soko lenye bei za misimu miwili. Beba mchoro mmoja wa kanga na mmoja wa kitenge, uliotenganishwa rangi zake, pamoja na karatasi moja yenye hesabu kamili ya gharama ya bidhaa uliyoitengeneza na kuiuza mwenyewe. Karatasi hiyo iweke juu. Mwajiri wa kiwanda ataanza kukuuliza kuhusu uzito na kusinyaa, mwajiri wa duka la jumla ataanza na bei, na kwa kila mmoja utakuwa na ukurasa wa kufungua.

Na kama mzazi wako bado hajaridhika, mkalishe barazani umfungulie kurasa hizo hizo kabla hujazipeleka kwa mwajiri. Mwambie akuletee nguo anayoipenda kuliko zote, umpimie nyuzi zake mbele yake.